Magazeti ya Picha ya Zamani na Ghushi Isiyoonekana

Mtu wa pwani akienda sokoni kununua samaki humfunua mashavu kabla ya kuuliza bei, na akinunua mbuzi humtazama meno, wala muuzaji hakasiriki, kwani ajua hiyo ndiyo ada ya soko. Lakini mtu huyo huyo akionyeshwa gazeti la picha la miaka hamsini iliyopita, jalada lang'aa na kona zimesimama, hulipokea kwa mikono miwili kama aliyepewa mtoto mchanga, akalisifu, akalipa. Halifunui. Huona haya kulinusa na kuligeuza juani mbele ya mwenyewe. Haya hiyo imewapatia riziki mafundi fulani, na kazi yao ndiyo ninayotaka kuihakiki hapa: ufundi wa kulitengeneza gazeti kuukuu kwa siri, kisha likauzwa kwa jina la gazeti ambalo halijaguswa.

Kwanza tuelewane ni magazeti gani. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Unguja ilikuwa nayo tangu 1973. Kwa hiyo kijana wa Tanga, wa Kilwa au wa Singida aliyetaka hadithi ya kuiona kwa macho aliipata katika sinema, kama mji wake ulikuwa nayo, au aliipata karatasini. Palikuwa na African Film ya kampuni ya Drum, iliyosimulia visa vya Lance Spearman kwa picha za kamera katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Palikuwa na Film Tanzania ya Faraji Katalambulla, mtunzi wa Simu ya Kifo, iliyofuata njia hiyo hiyo kwa Kiswahili. Nairobi walitoa Joe kuanzia mwaka 1973, kazi ya Hilary Ng'weno na Terry Hirst. Katika gazeti la Uhuru, Christian Gregory alimchora Chakubanga. Na huko Kenya Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miaka mingi mno. Kisha likaja Sani, ambalo jina lake limetokana na majina ya Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na vijana wa miaka ya 1980 wakawajua Lodi Lofa na Ndumilakuwili kuliko walivyowajua baadhi ya mawaziri.

Najua msomaji mwingine atauliza, na ana haki ya kuuliza, gazeti la dini layatafutia nini mambo ya Spearman, na bastola yake na pombe yake. Wazazi wetu wengi waliyapiga marufuku majumbani, na waliokuwa nayo waliyaficha chini ya godoro. Mimi siwaiti watu wayanunue. Mwenye kuona hayafai na asiyanunue. Neno langu ni juu ya biashara, na biashara ina hukumu yake, sawasawa bidhaa ikiwa ni tende au karatasi. Na biashara hiyo ipo, tupende tusipende.

Ipo kwa sababu habari za ng'ambo zimetufikia. Gazeti la Marekani liitwalo Action Comics, toleo lake la kwanza la mwaka 1938 lililomtoa Superman, liliuzwa senti kumi za dola. Mwaka 2014 nakala yake moja ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni tatu na laki mbili. Ya kwetu hayajafika huko wala hayakaribii. Lakini watu wakisikia hesabu kama ile huanza kuchungulia masanduku ya marehemu baba zao, na nyuma ya wanaochungulia huja wanaonunua, na nyuma ya wanaonunua huja fundi mwenye rangi na gundi.

Sasa tuitazame asili ya jambo. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kwa Abu Huraira, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenyewe, akaambiwa ni mvua iliyokinyeshea. Hapo Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilichorowa juu watu wakakiona. Kisha akasema maneno mazito juu ya mwenye kudanganya, maneno ambayo kila mtoto wa chuo ayajua. Wengi wetu hukimbilia hayo maneno ya mwisho tukaliruka lile swali. Mvua haikuwa kosa la yule mtu. Hakuiomba wala hakumwagia maji chakula chake. Alilaumiwa kwa mpango wa rundo, kwamba kikavu kilikuwa juu na kibichi kilikuwa chini.

Basi gazeti lililochanika halina lawama, wala aliyelichana hana, wala aliyeliziba pengo hana. Tutazame ni nini kilichowekwa juu na ni nini kilichowekwa chini.

Na hapa pana jambo ambalo mafundi hawa hawalijui, au walijua wakajitia kutolijua. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wameitaja aibu ya bidhaa kuwa ni kile kinachoipunguzia kitu dhati yake au thamani yake, ikiwa aghalabu jinsi ya kitu kile huwa haina upungufu huo. Shika sana hayo maneno ya aghalabu na jinsi yake. Gazeti la mwaka 1969 ambalo limepita mikono ishirini, aghalabu huwa na nini? Huwa na kona zilizokunjika, mgongo wenye nyufa, karatasi iliyogeuka rangi ya chai, pengine na jina la mtu limeandikwa kwa kalamu juu ya jalada. Hizo ndizo hali za jinsi yake. Mnunuzi azitazamia, na bei imekwisha kuzihesabu. Lakini rangi ya juzi iliyopakwa juu ya ufa wa mwaka 1969 haimo katika jinsi yake hata kidogo. Hiyo ndiyo aibu kwelikweli. Kwa hiyo fundi wa siri hufanya biashara ya ajabu: huchukua kitu ambacho hakikuwa na aibu kisheria, akakitia aibu ili kionekane hakina, na mwenye mali akamlipa ujira juu yake.

Mwaka juzi nilifuatana na ndugu mmoja wa Tanga hadi Kinampanda, katika wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Wasomaji wa pwani hawapajui sana. Ni kijiji cha uwanda wa juu, chenye chuo cha ualimu cha tangu zamani, na walimu wa kutoka kila upande wa nchi walipita pale, na wengine hawakurudi kwao. Mmoja wao alikuwa mzaliwa wa pwani, Mwislamu, aliyefundisha katika shule za Iramba hadi akastaafu na akazikwa huko. Aliacha mjane, na binti ambaye hajabaleghe, na sanduku la bati lililojaa magazeti ya picha. Ndugu wa Tanga alitaka kulinunua sanduku zima. Mpwa wa marehemu ndiye aliyekuwa akisimamia mambo, na alisema neno moja ambalo lilitutoa Tanga: kwamba sanduku halijafunguliwa na magazeti hayajaguswa tangu mwalimu alipoyaweka.

Lilikuwa neno la kuaminika. Huku kwetu karatasi haidumu. Unyevu wa bahari huleta ukungu, pini huota kutu ikala karatasi, na wadudu wa vitabu humaliza yaliyosalia. Singida mvua ni za msimu mmoja tu, kuanzia kama Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi mingine ni mikavu na ya upepo. Adui wa karatasi huko ni mchwa, na sanduku la bati lililoinuliwa juu ya mawe humzuia. Karatasi ya gazeti huzeeka kwa ukavu: huwa kahawia kuanzia kingoni kwenda ndani, nayo huvunjika kama biskuti ukiikunja. Ndivyo nilivyotarajia kuyakuta.

Mpwa aliyapanga mezani. Nilimwomba tuihamishe meza ipelekwe mlangoni. Taa ya chumbani huangaza kutoka juu, na mwanga wa juu husamehe mengi. Mwanga wa mlangoni huja kwa ubavu, ukalipita jalada kama maji yapitavyo ufukweni, na kila kilichoinuka au kuzama huonekana. Nilishika nakala ya African Film nikaiinamisha hivi na hivi. Jalada lote liling'aa kwa namna moja, ila ukanda mwembamba wa mgongoni uliokuwa mfu, hauna mng'ao. Nikapitisha ukucha. Ukucha ulikwama mara sita au saba katika mikunjo, lakini jicho halikuona mkunjo hata mmoja. Wino uliochapwa ukikunjwa hupasuka, ukaacha mstari mweupe wa karatasi. Ikiwa mkunjo upo na weupe wake haupo, kuna mtu aliyeujaza.

Nilikuwa nimeazima kwa fundi saa ile lenzi yake ya jichoni. Sonara naye anayo, na yatosha kabisa. Picha iliyochapwa gazetini, ukiikaribia, si rangi iliyomwagika bali ni nukta, maelfu ya nukta zilizopangwa kwa safu, ndogo mahali peupe na kubwa mahali peusi. Rangi ya mkono haina nukta. Hulala kama dimbwi, na katika karatasi kuukuu husambaa kufuata nyuzi. Katika jalada lile kofia ya Spearman, ambayo kwa kamera ilikuwa na kivuli na mkunjo na jua upande mmoja, ilikuwa imegeuka shimo jeusi. Fundi alikuta kofia imechubuka akaijaza kwa kalamu ya wino mzito. Hapa nasema kama mhakiki wa picha, si wa biashara tu: alichokiua ni kile kile kilichofanya picha iitwe picha. Nukta ndizo zilizobeba uso wa mtu. Ukizizamisha umebaki na doa lenye umbo la kofia. Katika nakala moja ya Sani ilikuwa vibaya zaidi, kwani fundi alifuatisha mistari ya mchoraji iliyofifia, naye hakuwa na mkono wa mchoraji. Mstari wa mchoraji wa vibonzo hunenepa na kukonda kwa sababu. Wake ulikuwa mnene mwanzo hadi mwisho kama kamba ya katani.

Kisha geuza jalada utazame mgongo wake wa ndani. Watu wengi husahau. Wino wa leo hupenya karatasi kavu ukatokea upande wa pili kama jasho. Hapo ndipo nilipoyaona mengine matatu ambayo kwa nje yalinipita.

Taa niliyoitumia si ya ajabu. Ni ile ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Funga dirisha, washa, pitisha haraka, usiikodolee macho wala usiiache juu ya karatasi. Karatasi ya gazeti ya zamani hubaki imefifia, ya kikahawia. Karatasi nyeupe nyingi za siku hizi hutiwa dawa ya kung'arisha, na chini ya taa ile huwaka kwa weupe wa kibuluu; gundi nyingi nazo huwaka. Katika kona ya nakala moja kiliwaka kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kimekatwa kwa umbo la pengo na kupakwa rangi ya chai, maana kweli fundi alikuwa amekichovya katika chai. Mchana usingekijua.

Rula nayo ina maneno yake. Panga nakala tano za gazeti moja uzigonge mezani zisimame. Ikiwa moja ni fupi kuliko wenzake kwa unene wa njiti ya kiberiti, na kingo zake ni kali, na juu ya yote ukingo wake ni mweupe kuliko katikati ya ukurasa, basi imekatwa, maana nimekwisha kusema uzee wa karatasi huanzia kingoni. Mwenye kukata ameondoa ule uzee pamoja na machano yake. Hilo la kukata mimi nalihesabu kuwa baya kupita yote, kwani rangi pengine yaweza kutambuliwa na kuandikwa, lakini kilichokatwa hakirudi.

Na pini. Hapa ndipo lile neno la sanduku lisilofunguliwa lilipoanguka. Nakala mbili zilikuwa na pini zilizooza kwa kutu, na kutu imechora duara jekundu juu ya jalada, ilhali kurasa za ndani, palepale pini inapopita, ni safi, kavu, hazina doa. Kutu haichagui kurasa. Majalada yale yalitoka penye unyevu. Yalikuwa majalada ya pwani yaliyovikwa nakala za Kinampanda ambazo majalada yake yalikwisha. Fundi alirudisha hata pini zenye kutu ili zionekane za zamani, nami nakiri alikuwa na akili, ila alisahau kuwa pini na karatasi hushuhudiliana.

Nionye pia juu ya kushuku kupita kiasi. Mtu akijifunza dalili hizi huanza kuona ghushi katika kila kitu, akamvunjia heshima muuzaji mwaminifu. Karatasi za namna mbili ndani ya nakala moja si ushahidi peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 karatasi ilikuwa adimu nchini, na mchapaji alichapa juu ya alichokipata. Rangi iliyoruka nje ya mstari, buluu ikaangukia shavuni badala ya shati, hiyo ni kazi ya mtambo, na kwa kweli ni dalili njema. Mtambo ulikosea mara nyingi. Fundi wa siri hukosea mara chache, na akiliona kosa kama hilo huona aibu akalisahihisha. Ukikuta nakala ambayo rangi zote zimekaa sawasawa ilhali wenzake wote zimeruka, itazame hiyo mara mbili.

Nilipomaliza nilimuuliza mpwa, mbele ya mjane, kama magazeti yametengenezwa. Akasema, "Hayajaguswa, maalim." Mjane alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, akainua kichwa. "Hilo la chini niliguse mimi," akasema. "Mtoto alilichana, nikalibandika kwa uji wa ngano. Marehemu alicheka sana." Nikalitafuta. Kweli, ukurasa wa kati ulikuwa na mchano mrefu, na nyuma yake ukanda wa karatasi ya daftari, mistari yake ya buluu yaonekana hata kwa mtu anayepita. Lilikuwa tengenezo baya kwa sura na zuri kwa hali zote nyingine. Halikuongeza picha wala halikupunguza. Uji wa ngano waweza kulainishwa kwa maji ukatoka. Sharti hilo hilo hushikwa na wataalamu wa kuhifadhi nyaraka katika maktaba kubwa za dunia: hutumia karatasi nyembamba za Kijapani na gundi ya ngano, ili yeyote atakayekuja baadaye aweze kulitengua, nao huandika walilofanya. Bibi yule hakusoma kwao, lakini kazi yake ilisimama upande wao, na kauli yake pia.

Mpwa alinyamaza, kisha akasema lililokuwa. Alikuwa amepeleka kumi na moja mjini "kuyasafisha kidogo" ili yule yatima apate bei nzuri. Sikumwona mtu mwovu. Nia aliyoitaja yawezekana ilikuwa ndiyo. Lakini mali ya yatima ndiyo inayotaka uangalifu zaidi, si pungufu. Kama ndugu wa Tanga angenunua bila kujua, kisha akagundua, angekuwa na haki ya kuyarudisha na kudai fedha yake yote. Na fedha hiyo ingekuwa imekwisha kwenye ada za shule na unga, na deni lingemrudia yule yule binti ambaye rangi ilipakwa kwa jina lake.

Haki hiyo ya kurudisha tusiifikirie kuwa hisani ya muuzaji. Mtume (s.a.w.) alimpa hiari aliyenunua mnyama ambaye maziwa yake yalizuiliwa ili kiwele kionekane kimejaa: akitaka abaki naye, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokama. Nakala iliyopakwa rangi na kiwele kilichofungwa ni ndugu. Ila mnunuzi naye ana wajibu. Akiigundua aibu, kwa wanazuoni wetu yampasa arudishe mara moja. Akiendelea kuitumia bidhaa, au akaionyesha kwa wateja wake mwezi mzima kisha ndipo alalamike, haki imempotea. Na ikiwa kwake imepata kasoro nyingine mpya, tuseme mwanawe ameichana, hawezi kumlazimisha muuzaji aipokee hivyo. Lakini hakosi kudai fidia ya upungufu ule wa kwanza.

Wauzaji wana neno lao la kujikinga: "Ulivyoona ndivyo." Au wataandika kwenye karatasi kuwa hawahusiki na kasoro yoyote. Wanazuoni walilijadili sharti hili zamani sana, na kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba humwokoa muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua, basi. Mnyama huugua bila kusema. Gazeti haliugui. Aliyelipeleka kwa fundi ajua, na hakuna maneno ya karatasini yatakayomfanya asijue.

Wala jambo halimhusu muuzaji peke yake. Wametaja pia kwamba mtu mwingine aliyeijua aibu yampasa kumwambia mnunuzi. Hapo wameingia dalali, jirani, na huyo fundi. Fundi husema, "Mimi nimelipwa kutengeneza, mauzo si yangu." Ingemfaa kauli hiyo kama angekuwa ametengeneza tu. Lakini aliyechovya kipande katika chai na kurudisha pini zenye kutu hakuwa anatengeneza. Alikuwa anatunga ushahidi.

Wenzetu wa Marekani, ambako biashara hii ni kubwa, walifika mahali wakaanzisha kampuni ya kukagua na kuyapa magazeti daraja. Mashuhuri ni CGC ya Florida, iliyoanza mwaka 2000. Gazeti lililotengenezwa hupewa lebo ya zambarau, lisilotengenezwa ya buluu, na mnunuzi hulijua kabla ya kuuliza bei. Ni utaratibu mzuri, ingawa nina neno juu yake. Huko gazeti lililopigwa pasi kwa mashine ili mikunjo ilale halihesabiwi kuwa limetengenezwa, kwa hoja kwamba hakuna kilichoongezwa wala kuondolewa. Hoja hii yaweza kuwatosha wao. Kwetu kipimo si kuongeza na kupunguza, bali ni kama mnunuzi angalijua angalilipa bei ile ile. Wapo watakaolipa ile ile, na wapo watakaopunguza. Basi na waambiwe wote.

Kinampanda tuliwaambia wote waliokuwapo. Magazeti yalitengwa mafungu mawili, yaliyopakwa au kukatwa au kuvikwa jalada geni yakawa upande wake kwa bei yake ya chini, na mengine, na lile la mjane likiwamo, yakauzwa kwa bei nzuri ambayo ndugu wa Tanga aliitoa bila kuvutana. Mpwa aliandika orodha kwa mkono wake: toleo, ukurasa, kilichofanyika, na lini. Alitaka kuandika juu ya majalada yenyewe, nikamzuia, maana hilo lingekuwa kuyagusa mara ya pili. Orodha iliwekwa ndani ya sanduku, juu kabisa, ambapo mfuniko ukifunguliwa ndiyo ya kwanza kuonekana.